Diski Mbili na Wingu Dogo: Kuchagua Bakapu ya Mafaili Yako

Ndugu zangu, wanafunzi, watumishi, wafanyabiashara na wapiga picha mliofika asubuhi hii, karibuni. Mada yetu ni bakapu ya mafaili binafsi: programu ipi itumike, na nakala zikae wapi. Wengi mmekuja na swali moja mfukoni, "ninunue diski gani?" Tutalifikia. Lakini kuna swali linalotangulia: laptopu yako ikiibiwa leo jioni, kesho saa mbili asubuhi utafungua faili lipi, kwenye mashine ya nani, kwa nywila ipi? Asiyeweza kujibu yote matatu hana bakapu. Ana diski tu.

Mambo yanayopoteza mafaili hapa Dodoma mjini hayana ugeni. Begi linaibiwa stendi. Umeme unakatika kompyuta ya mezani ikiwa katikati ya kuandika. Mtoto anajikwaa kwenye waya wa chaji, laptopu inatua sakafuni. Flashi inarudi kutoka steshenari ikiwa na kirusi. Na lile ambalo watu hawapendi kulisema: unafuta folda mwenyewe ukidhani huihitaji, unakuja kuitafuta baada ya mwezi mmoja na nusu.

Kila janga hapo lina kinga yake, na kinga ya hili haifai kwa lile. Diski iliyochomekwa kwenye kompyuta wakati wote itakuokoa diski ya ndani ikifa, ila mwizi atabeba zote mbili. Vilevile kirusi kinachofunga mafaili na kudai fedha kitaifunga na hiyo ya nje, kwa sababu machoni pake ni herufi nyingine tu kwenye orodha, E au F. Wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, litakuokoa na mwizi, lakini folda uliyoifuta laptopuni litaifuta pia, kisha litaiweka kwenye takataka kwa siku 30, iwe Google Drive au OneDrive ya mtu binafsi. Aliyestuka baada ya mwezi na nusu kachelewa.

Vumbi letu, ambalo kila mtu hulilaumu, linasingiziwa. Diski ya kuzunguka huwa na kitundu kidogo cha hewa chenye kichujio, na vumbi la Nkuhungu halifiki kwenye sahani zake. Linachoharibu ni tundu la waya. Vumbi likichanganyika na kuchomeka na kuchomoa kila siku, mgusano unalegea, diski inajikata katikati ya kunakili, na mwenyewe anatangaza kwamba diski imekufa. Badilisha waya kwanza, ni kitu cha bei ndogo, ndipo uihukumu diski.

Kuna jambo lingine ambalo mafundi wanalijua lakini wateja wao bado. Zamani laptopu ikigoma kuwaka, fundi alifungua mfuniko, akatoa diski, akaichomeka kwenye adapta ya USB na kukutolea mafaili yako. Watu wengi wanaishi kwa imani hiyo mpaka leo, na mambo matatu yameshaiondoa. Laptopu nyingi mpya za Windows 11 husimba diski zenyewe, yaani huzifunga zisisomeke bila ufunguo, mara unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, kwa hiyo fundi akiitoa SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) anakutana na ombi la ufunguo wa tarakimu 48. Pili, SSD hupokea amri iitwayo TRIM: ukifuta faili, mfumo unaiarifu SSD kwamba eneo lile halina kazi, nayo inalisafisha kwa wakati wake. Zile programu za kufufua mafaili zilizofanya maajabu kwenye diski za kuzunguka, hapa hurudi mikono mitupu. Tatu, kwenye laptopu nyingi nyembamba, MacBook zikiwemo, hifadhi imegandishwa kwenye ubao mkuu. Hakuna cha kuchomoa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, hata kabla ya kununua chochote: ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, fungua sehemu ya vifaa, tafuta ufunguo wa BitLocker wa kompyuta yako (ndio ule wa tarakimu 48), uandike kwenye karatasi. Karatasi isikae kwenye begi la laptopu.

Sasa mpangilio. Tunaoupendekeza kwa mkazi wa Dodoma, Singida au Manyoni ni huu: diski mbili za nje zinazopokezana, pamoja na wingu dogo kwa mafaili machache yasiyoweza kusubiri. Msingi wake ni kanuni ya tatu, mbili, moja, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, juu ya aina mbili za hifadhi, moja ikae nje ya jengo. Sisi tumebadilisha mbeba mzigo tu. Kwenye nchi zenye intaneti ya waya kila nyumba, mzigo mkubwa hubebwa na wingu. Hapa ubebwe na diski, na sababu ni hesabu.

Mafaili ya TB 1 ni biti trilioni 8. Intaneti inayopakia kwa megabiti 5 kwa sekunde, usiku na mchana bila kukatika hata mara moja, itayamaliza kwa siku 18 na nusu. Diski yenye mafaili hayohayo ukimkabidhi ndugu yako anayepanda treni ya SGR, itafika Dar es Salaam kwa saa nne hivi, na bando lako halijaguswa. Kushusha nako ni hivyohivyo: siku ya msiba, wakati unahitaji kila kitu kirudi, wingu litakurudishia kwa mwendo wa laini yako. Tena mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilivyokuwa nchini. Mtu ambaye kazi zake zote zilikuwa winguni peke yake alisubiri.

Kabla ya dukani, pima. Kwenye Windows fungua folda ya Users, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya folda yenye jina lako, chagua Properties, soma ukubwa. Kama una kizigeu cha D, kipime nacho, maana mafundi wetu wana mazoea ya kukata diski vipande viwili na kuwaambia wateja "kazi zako weka D". Mwanafunzi wa UDOM mwenye tasnifu, makala za PDF na takwimu za SPSS mara nyingi hafiki GB 20. Mpiga picha wa harusi ni habari nyingine: picha 2,000 za RAW (ghafi kutoka kwenye kamera) za MB 25 kila moja ni GB 50 kwa shughuli moja, na video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Ukishapata jumla yako, zidisha kwa mbili. Ziada ni ya matoleo ya zamani ya mafaili, ambayo tutayafikia, na ya ukuaji. Usishangae diski ya TB 1 kuonyesha GB 931 kwenye Windows, muuzaji hajakuibia. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024.

Ukiwa na fedha ya diski moja ya TB 4, nunua mbili za TB 2, au hata mbili za TB 1 kama zinatosha. Tunalisema hili bila kusitasita. Diski moja kubwa ni mahali pamoja pa kupotezea kila kitu. Zibandike karatasi, A na B. A inakaa nyumbani, B inakaa kwa dada yako Kisasa au kwenye droo ya ofisini yenye kufuli. Kila mwisho wa mwezi zinabadilishana. Ikitokea nyumba kuungua au wezi kuingia, hasara yako kubwa ni kazi ya mwezi mmoja, na ile ya muhimu kabisa ipo winguni.

Diski ya kuzunguka au SSD? Kwa nakala inayokaa kabatini, diski ya kuzunguka ya inchi 2.5 inatosha na ni nafuu kwa kila GB. Inaandika kama MB 100 kwa sekunde ukitumia tundu la USB 3, lile ambalo mara nyingi lina rangi ya bluu. Ukichomeka kwenye USB 2 mwendo unashuka mpaka MB 30 au 40, na kazi ya saa tatu inakuwa ya usiku kucha. Udhaifu wake ni kuanguka, hasa ikiwa inazunguka. Msiiweke juu ya kifuniko cha laptopu inayofanya kazi, na msiiegemeze wima. SSD haijali sana kuanguka, hivyo inamfaa anayesafiri kila wiki Kondoa au Mpwapwa. Lakini SSD hutunza taarifa kama chaji ya umeme, na chaji huvuja pole pole ikikaa bila kuwashwa, joto likizidi ndivyo inavyovuja haraka. Haifai kufungiwa sandukuni miaka kadhaa. Flashi ni ya kubebea mafaili kwenda kuchapisha, basi. DVD ina GB 4.7, na laptopu za sasa hazina hata mahali pa kuiingiza.

Dukani kuna mtego ambao umewaumiza wengi: "SSD ya TB 2", ndogo kama kiberiti, kwa bei ya flashi. Ndani yake kuna kadi ya kumbukumbu ya GB 32 au 64, na programu ya kidhibiti imebadilishwa ili iidanganye kompyuta. Utanakili GB 300 bila kosa lolote kutokea. Majina ya mafaili utayaona yote. Ukifungua, lililopita ukubwa wa kweli limeandikwa juu ya lililotangulia, na picha zinatoka nusu za kijivu. Kinga ni kupima siku ya kwanza, risiti ikiwa bado mkononi. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3. Zote ni za bure. Zinajaza diski kwa data ya majaribio kisha zinaisoma yote na kulinganisha. Diski ya TB 1 itachukua karibu saa tatu kuandika na saa tatu nyingine kusoma. Iache usiku.

Anayenunua iliyotumika aombe kwanza kuiona ndani ya CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Angalieni mistari mitatu: 05, C5 na C6. Hizi ni sehemu za diski zilizohamishwa kwa ubovu, zinazosubiri hukumu, na zilizoshindikana kusomwa. Thamani ghafi ya mistari hiyo iwe sifuri. Ikiwa C5 si sifuri, iacheni hapohapo mezani kwa muuzaji, hata apunguze bei vipi. Kuna vifuko vya USB visivyopitisha taarifa hizi. Hapo programu haionyeshi kitu, na nyinyi msinunue kitu.

Ikishafika nyumbani, ifomati. Huu ni uamuzi unaopuuzwa. Diski nyingi za nje hutoka dukani zikiwa na mfumo wa kupanga mafaili uitwao exFAT, kwa kuwa inasomeka Windows na Mac. Lakini exFAT haina daftari la mabadiliko, yaani umeme ukikatika au waya ukichomoka katikati ya kuandika, mfumo hauna pa kurejea kujua nini kilikuwa kinafanyika. NTFS inalo. Kama mashine zako zote ni za Windows, chagua NTFS. Wa Mac, Time Machine yenyewe itaifomati kuwa APFS. Wa Linux, ext4. Flashi za FAT32 hazipokei faili linalozidi GB 4, na ndiyo sababu video ndefu hugoma na kuleta ujumbe kwamba faili ni kubwa mno wakati nafasi inaonekana ipo tele. Na kwa umeme wetu, nakili ukitumia laptopu yenye chaji zaidi ya nusu. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) usiiamini kwa kazi ya saa tatu.

Tuje kwenye programu, na hapa tutakaa zaidi, maana ndipo watu wanapochanganya mambo mawili: kulandanisha na kutunza matoleo. Programu ya kulandanisha inafanya upande wa pili ufanane na wa kwanza. Ukiharibu faili leo, kesho uharibifu umefika upande wa pili. Programu ya matoleo inakumbuka faili lilivyokuwa Jumatatu, Jumanne na mwezi uliopita. Kwa bakapu tunataka hii ya pili. Tasnifu ikijifunga na kuandika upuuzi Ijumaa usiku, unachohitaji ni ya Alhamisi.

Mtumiaji wa Windows asiyetaka kujifunza kitu kipya anayo tayari: File History. Fungua Control Panel, tafuta File History, chomeka diski, bonyeza Turn on. Kwa kawaida yake hunakili kila saa na kutunza matoleo milele. Ingia Advanced settings uweke mwaka mmoja, vinginevyo diski itajaa. Kasoro yake ni moja na ni kubwa: inachukua Desktop, Documents, Pictures na folda nyingine za kawaida za mtumiaji, basi. Ile D ya fundi haiguswi. Watu wamerudisha File History wakakuta kila kitu kipo isipokuwa kazi zao. Kwenye Windows 11 suluhisho ni kubofya kitufe cha kulia juu ya folda iliyoko D na kuiingiza kwenye maktaba, ndipo itaonekana. Na programu mpya inayoitwa Windows Backup msiichanganye na hii. Hiyo inapakia kwenye OneDrive, ambako bila kulipa una GB 5.

OneDrive ina mtego mwingine unaohusiana. Folda zake zikiwa na alama ya wingu la buluu, faili halipo kwenye diski yako. Lipo kwao, wewe una jina tu. Ukinakili folda hiyo kwenda diski ya nje bila bando, utapata makosa. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua Always keep on this device, subiri alama iwe tiki ya kijani, ndipo ufanye bakapu.

Mwenye Mac atumie Time Machine, hana sababu ya kuhangaika: inatunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma mpaka diski ijae. Wa Ubuntu atumie Déjà Dup. Timeshift, ambayo wengi huiwasha wakadhani wamemaliza, kwa mpangilio wake wa mwanzo inatunza mfumo na kuacha mafaili yako binafsi nje.

Kwa aliye tayari kukaa nayo jioni moja, tunazipendekeza restic na Kopia. Zote ni za bure, zinasimba kila kitu, hazirudii kuhifadhi kipande ambacho tayari zinacho, na zinafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kopia ina dirisha la kubofya. Restic ni ya kuandika amri. Picha za harusi ambazo hazibadiliki zikishaingia mara moja, bakapu zinazofuata huchukua dakika. Ratiba ya kutunza inaandikwa hivi kwenye restic, diski ikiwa E na folda ya bakapu ikiitwa hazina:

restic -r E:\hazina forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 12 --prune

Maana yake: tunza za siku saba, wiki nne na miezi 12, zilizobaki futa na nafasi irudi. Baada yake endesha restic check kwa diski hiyohiyo, ikague kama hazina ni nzima. Nywila ya hazina ikipotea, hakuna wa kumpigia simu. Si kosa la programu. Ndiyo kazi ya usimbaji.

Kuna wanaopenda amri ya robocopy kwa kuwa ipo ndani ya Windows. Ni nzuri kwa nakala ya wazi inayosomeka bila programu yoyote, na si vibaya diski B iwe ya namna hiyo wakati A ni ya Kopia; programu moja ikikuangusha, nyingine ipo. Lakini tahadhari mbili. Usipoiwekea kikomo, ikikutana na faili lililofungwa itajaribu tena mara milioni moja, ikingoja sekunde 30 kila mara. Weka /R:1 /W:1. Pili, /MIR inafuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza. Ukigeuza njia, ukaanza na diski mpya iliyo tupu na kumalizia na Documents yako, itatii, na Documents itabaki tupu. Tumia /E, ambayo inaongeza bila kufuta.

Wenye maduka na ofisi ndogo zinazotumia programu za mahesabu, msinakili faili la hesabu programu ikiwa wazi. Kinachonakiliwa ni faili lililokatwa katikati ya sentensi, na halitafunguka. Tumieni kwanza amri ya bakapu iliyomo ndani ya programu yenyewe, kisha lile faili inalolitoa ndilo liende diskini. Na kwa kompyuta ambayo kuisimika upya kutakula siku mbili, pamoja na printa na leseni zake, ongezeni picha ya diski nzima (nakala kamili, Windows na programu zikiwemo) mara moja kwa mwezi kwa Veeam Agent ya bure au Clonezilla. Kwa mtu wa kawaida hilo si lazima; Windows inapatikana tena, mafaili yako hayapatikani. Kama mnatunza taarifa za wateja, vitambulisho au rekodi za wagonjwa, kumbukeni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023: nakala iliyoko kwenye diski nayo ni taarifa binafsi, ikipotea bila kusimbwa ni taarifa za watu zimevuja.

Wingu sasa. Google inatoa GB 15 bure, zikigawanywa kati ya barua pepe, Drive na Photos. Weka humo yale ambayo ukiyakosa siku moja mambo yanasimama: vyeti, hati ya kiwanja, tasnifu, mahesabu ya mwezi. Nyaraka nyeti zifunge kwanza kwa 7-Zip ukiweka nywila na kuchagua AES-256, pamoja na kuweka tiki ya kuficha majina ya mafaili, maana bila tiki hiyo yaliyomo hayasomeki lakini orodha ya majina inaonekana na kila mtu.

Sasa rudini kwa yule aliyeibiwa begi. Laptopu imekwenda na simu imekwenda. Anakaa kwenye kompyuta ya jirani, anaandika barua pepe yake na nywila, Google inamwambia: tumetuma namba kwenye simu yako. Laini iko kwa mwizi. Nakala zake zote ziko salama winguni, na yeye yuko nje ya mlango. Google inakuruhusu kutoa namba 10 za akiba, za tarakimu nane kila moja, sehemu ya usalama ya akaunti. Zichapishe, ziunganishe na ile karatasi ya BitLocker na nywila ya hazina, bahasha moja, ikae kule inakokaa diski ya nje ya nyumba.

Kuhusu virusi vya steshenari: diski ya bakapu isiende kuchapishia kamwe. Kile kirusi cha kawaida kinachogeuza folda kuwa shotikati hakijafuta kitu, kimezificha. Watu hufomati flashi kwa hofu na hapo ndipo wanapopoteza kweli. Msibofye zile shotikati. Fungueni Command Prompt na andikeni, kama flashi ni E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitajitokeza. Nakilini nyaraka pekee, acheni kila kinachoishia na .lnk, .vbs au .exe, ndipo mfomati.

Na jaribio la kurejesha. Kila badilishano la tatu la diski, yaani kila baada ya miezi mitatu, chukua iliyorudi, ichomeke kwenye kompyuta ambayo si yako. Rudisha mafaili matatu: moja la wiki hii, moja la mwaka jana, na moja kubwa kuliko yote. Yapeleke kwenye folda mpya, si juu ya yale ya asili. Yafungue kweli, video icheze mpaka mwisho, jedwali lionyeshe namba. Mara nyingi kinachogundulika hapo si ubovu wa diski. Ni kwamba programu haikuwahi kuichukua folda fulani, au imeacha kufanya kazi tangu diski ilipobadilishiwa herufi kutoka E kwenda F, na hakuna aliyesoma ujumbe wa kosa. Kwenye Windows herufi unaigandisha kupitia Disk Management, Change Drive Letter. Wekeni herufi ya mbali kama R, ambayo flashi za wageni hazitaigusa.

Tutapokea maswali sasa hivi. Wakati huohuo, walioleta diski na flashi wazilete meza ya mbele, kuna kompyuta tatu zenye H2testw na CrystalDiskInfo. Zenye mafaili ndani tutazisoma kwa CrystalDiskInfo tu, kwa sababu H2testw ikikutana na diski bandia inaweza kuandika juu ya vilivyomo. Tupu ndizo tutakazozijaza. Flashi ya GB 64 inayoandika MB 15 kwa sekunde itachukua saa moja na dakika kumi na kitu kuandika tu, kwa hiyo wenye hizo watangulie.